Kiwanda Chetu na cha Jirani: Tupime kwa Kipimo Kimoja

SOMO LA VIKUNDI



Huku kwetu Kiptere, wakati tunangoja lori la majani, watu hupenda kulinganisha. Mmoja husema viwanda vya Uganda ndivyo vinavyochafua ziwa. Mwingine husema Rwanda ni wasafi kuliko sisi. Wa tatu hujibu kwamba Kenya ndiyo inayouza chai nyeusi nyingi zaidi nchi za nje, basi viwanda vyetu ndivyo bora. Maneno huwa mengi. Lakini ukiuliza, "Mmepima nini, na mmepimaje?" wote hunyamaza.

Somo la safari hii linahusu kupima. Twataka kila kikundi kikimaliza kulisoma kiweze kufanya mambo matatu. Kwanza, kujua mahali ambapo kiwanda cha majani huharibu au hutunza mazingira. Pili, kulinganisha viwanda viwili kwa haki, hata kama kimoja kiko Kericho na kingine kiko Mufindi au Gisenyi. Tatu, kuuliza kiwanda chetu wenyewe maswali yenye majibu ya hesabu.

Someni pole pole. Anayejua kusoma vizuri awasomee wengine, na katibu aandike yale mtakayokubaliana.

1. KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Kuna watu watakaosema, "Mambo ya viwanda ni ya mameneja na Serikali. Sisi kazi yetu ni kuchuma." Hapana. Yanatuhusu kwa njia tatu.

Maji. Maji ya mito kama Kipsonoi na Yurith huungana yakawa mto Sondu, nao Sondu huingia Ziwa Victoria. Kile kinachomwagwa huku juu hunywewa na ng'ombe na watu huko chini. Ziwa lenyewe ni la nchi tatu. Sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100, zinazobaki ni za Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi nazo, ingawa hazina ufuo, maji yao hufika humo kwa mto Kagera. Kwa hiyo uchafu wa jirani ni wetu, na wetu ni wa jirani.

Miti. Viwanda vingi vya majani hapa kwetu huchemsha maji kwa kuni. Kuni hizo hutoka katika mashamba ya miti ya kiwanda na katika mikaratusi tunayouza sisi. Mama anayetafuta kuni za kupikia ugali anatafuta miti ile ile inayotafutwa na boila.

Pesa. Hili ndilo wengi husahau. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, kama Litein, Kapkatet, Momul na Tegat, ni mali ya wakulima wenyewe. Gharama ya kuni, stima na dizeli hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Kiwanda kinachopoteza moto kinapoteza bonasi yako. Kwa hiyo kutunza mazingira na kutunza mfuko si vitu viwili vinavyopigana, mara nyingi ni kitu kimoja.

2. MAJANI YANAPOINGIA KIWANDANI

Ili tujue pa kupima, tufuate majani yetu kutoka kwa lori.

Kwanza hutandazwa juu ya wavu mrefu na kupulizwa hewa ili yanyauke. Kisha hupita katika mashine za kukata na kusokota. Halafu huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi na kuwa kama shaba. Baadaye huingia katika mashine ya kukaushia yenye hewa ya moto, na mwisho huchekechwa na kufungwa.

Majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Ukipeleka kilo 100 za majani, hutoka kilo 22 hivi za chai. Ni kusema kilo moja ya chai yataka karibu kilo 4 na nusu za majani, na kiwanda lazima kifukuze kilo 3 na nusu hivi za maji kwa kila kilo ya chai. Kazi hiyo ya kufukuza maji ndiyo inayokula kuni. Mashine na mapanga makubwa ya kupuliza hewa ndiyo yanayokula stima.

Na uchafu watoka wapi? Hutoka mahali patatu hasa. Kuna moshi wa boila na wa jenereta. Kuna majivu. Tena kuna maji ya kuoshea sakafu na mashine, ambayo hutoka rangi ya kahawia yakiwa na mabaki ya majani.

Mkijua hayo tayari mnajua vitu vinne vya kupima: kuni, stima, maji na majivu.

3. KANUNI YA KWANZA: GAWANYA KWA KILO

Tuchukue mfano. Hesabu hizi tumezitunga kwa ajili ya kufundishia tu, si za kiwanda chochote.

Kiwanda A hutengeneza kilo 4,000,000 za chai kwa mwaka, na huchoma mita za mraba-tatu, yaani mita za ujazo, 10,000 za kuni. Kiwanda B hutengeneza kilo 1,500,000 na huchoma mita za ujazo 4,500.

Ukiuliza haraka haraka nani anamaliza miti, watu watasema A, kwa sababu 10,000 ni kubwa kuliko 4,500. Lakini hebu tugawanye.

Kiwanda A: kila kilo 1,000 za chai hutumia mita za ujazo 2.5.
Kiwanda B: kila kilo 1,000 za chai hutumia mita za ujazo 3.

Kumbe yule mdogo ndiye mlafi. Tuendelee mpaka kwenye pesa. Tuseme mita moja ya kuni ni shilingi 2,500. Kwa A, kuni za kilo moja ya chai ni shilingi 6.25. Kwa B ni shilingi 7.50. Tofauti ni shilingi 1.25 kwa kilo. Ni kidogo? Zidisha kwa kilo 1,500,000 na utapata shilingi 1,875,000 zilizopita katika bomba la moshi kila mwaka. Mkulima wa kiwanda B anayepeleka kilo 3,000 za majani kwa mwaka hupoteza kama shilingi 830. Ni karo kidogo, ni daftari, ni dawa ya ng'ombe.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: usilinganishe jumla na jumla. Linganisha kilo kwa kilo. Hii ndiyo kanuni inayotuwezesha kuweka pamoja kiwanda kikubwa cha Kericho na kidogo cha Uganda bila kumwonea mtu.

Tena linganisheni mwaka mzima, si mwezi mmoja. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri katika miezi mingi, na majani hufika yakiwa yamelowa. Kiwanda kilicho mahali pa kiangazi kirefu hupata majani makavu kidogo na hewa kavu. Ukichukua mwezi wa mvua wa kwetu na mwezi wa jua wa kwao, hujapima kiwanda, umepima mawingu.

4. KUNI: KILO SI MITA

Hapa ndipo wengi hupotea. Viwanda vingine hununua kuni kwa mita, yaani kwa kupanga rundo na kupima urefu, upana na kimo. Vingine hununua kwa kilo katika mizani. Huwezi kuweka hesabu hizo mbili upande kwa upande.

Sababu ni maji yaliyo ndani ya kuni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu yake ni maji kwa uzito. Katika kilo 100 za kuni mbichi, kilo 50 ni maji. Moto hauna budi kuchemsha maji hayo kwanza kabla haujachemsha ya boila. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi.

Kwa hiyo kiwanda kinachonunua kuni mbichi kwa kilo kinanunua maji kwa bei ya kuni. Kiwanda chenye banda kubwa lililoezekwa, lenye upepo, ambapo kuni zilizopasuliwa hukaa miezi kadhaa kabla ya kuchomwa, hutumia kuni chache bila kubadilisha mashine hata moja. Banda si teknolojia ya Ulaya. Ni nguzo na mabati.

Alama moja mnayoweza kuona hata mkiwa barabarani ni moshi. Boila ikiwashwa asubuhi moshi mweusi kidogo si ajabu. Lakini moshi mzito kutwa nzima mara nyingi husema kwamba kuni ni mbichi, ama moto haupati hewa ya kutosha.

Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Wakati huo ilionekana wazi kwamba kiwanda chenye shamba lake la miti kina usalama, na kisicho nalo hutegemea miti ya wengine. Kwa hiyo katika kulinganisha ulizeni pia: kuni zatoka wapi, na kwa kila ekari inayokatwa, ekari ngapi hupandwa?

Wengine watauliza, "Kiwanda kikipunguza kuni, sisi tunaouza miti tutakula nini?" Swali hilo ni la haki, msilifunike. Jibu letu ni kwamba faida ya kuuza kuni hupata mwenye miti mingi, lakini gharama ya kuni hulipwa na kila mkulima mwenye namba ya majani. Tena mti ukiachwa ukomae ukawa nguzo au mbao huleta bei nzuri kuliko ukiuzwa kama kuni. Ni heri tuuze michache iliyokomaa kuliko mingi iliyo michanga. Na tusiipande kando ya mto. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uachwe, kwa uchache mita 6 na kwa wingi mita 30 kila upande kulingana na mto wenyewe.

5. STIMA: ULIZA INATOKA WAPI

Viwanda viwili vyaweza kutumia stima sawa kwa kilo, lakini kimoja kikachafua hewa zaidi. Inategemea stima imezalishwa kwa nini. Hapa ndipo nchi zetu zinatofautiana.

Kenya: stima nyingi, zaidi ya 80 katika kila 100, hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Jirani yetu Sondu-Miriu, wenye megawati 60, hutumia maji ya mto wetu huu huu.

Uganda: karibu yote hutoka kwa maji, hasa mto Nile. Bujagali ilianza mwaka 2012 ikiwa na megawati 250, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa mwaka 2024.

Tanzania: kwa miaka mingi walitegemea sana gesi ya asili. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa stima, nalo limejengwa kwa megawati 2,115.

Rwanda: wanachanganya maji, jua, gesi ya methani inayotolewa chini ya ziwa Kivu, na pia udongo wa mboji unaochomwa. Mboji hiyo huwaka, lakini moshi wake si haba.

Mkisikiliza hayo mtadhani mambo ni sawa kwa Kenya na Uganda. Ndiyo, mpaka stima ipotee. Stima ikikatika, jenereta ya dizeli huwashwa, kwa sababu majani yaliyokwisha kukatwa hayangoji. Kila lita ya dizeli inayochomwa hutoa kama kilo 2.7 za hewa ya kaboni, na bei yake twaijua sote. Kiwanda kilicho katika nchi yenye stima safi, lakini kinachowasha jenereta kila juma, si kisafi tena. Kwa hiyo msiulize tu "Mwatumia stima ya nani?" Ulizeni pia "Mwaka jana mlichoma lita ngapi za dizeli?"

Jambo hili ndilo lililofanya viwanda vya chai vya nchi zetu vitazame mito yao wenyewe. Katika miaka ya 2000, shirika la wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki, ambalo makao yake ni Mombasa, lilishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira katika mradi wa kusaidia viwanda kujenga mitambo midogo ya maji. Tutazame mifano mitatu.

Kenya, kiwanda cha Imenti huko Meru kilipata mtambo wake wa karibu megawati 1, na stima inayozidi huuzwa kwa gridi. Huko Nyeri, mtambo wa mto Gura wenye karibu megawati 6 ni wa viwanda kadhaa vya wakulima wadogo kwa pamoja. Hapa Kericho makampuni ya mashamba makubwa yametumia mito kuzalisha stima kwa miaka mingi sana.

Tanzania, katika wilaya ya Mufindi, mtambo wa mto Mwenga wenye megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012. Stima yake huenda kwa viwanda vya chai, na pia kwa vijiji vya jirani ambavyo havikuwa na stima. Inayobaki huuziwa TANESCO.

Rwanda, kampuni ya Rwanda Mountain Tea ilijenga mtambo wa megawati 4 katika mto Giciye mwaka 2013, na wa pili mwaka 2016.

Oneni tofauti yao. Imenti na Gura zinatufundisha kwamba wakulima wadogo waweza kumiliki mtambo. Mwenga inatufundisha kwamba mtambo wa kiwanda waweza kuwasha taa za kijiji. Kikundi kinaposikia kwamba kiwanda kimepanga kutumia mto wao, kiulize mapema: je, sisi tunaoishi kando ya mto tutapata nini, na maji kiasi gani yataachwa yapite?

6. MAJI: SHERIA TATU, ZIWA MOJA

Maji ya kuoshea kiwanda hayana sumu kali kama ya viwanda vya ngozi, lakini yana mabaki ya majani. Mabaki yakiingia mtoni, vijidudu huyala na wakati huo hutumia oksijeni iliyo majini. Oksijeni ikiisha, samaki hufa na maji hunuka. Wataalamu hupima ni oksijeni kiasi gani itatumiwa na vijidudu katika lita moja kwa siku tano. Kipimo hicho huitwa BOD. Namba ikiwa kubwa, maji ni machafu zaidi.

Sasa tazameni kiwango cha juu ambacho sheria ziliruhusu kimwagwe:

Kenya, kanuni za mwaka 2006: miligramu 30 kwa lita.
Tanzania, kanuni za mwaka 2007: miligramu 30 kwa lita.
Uganda, kanuni za mwaka 1999: miligramu 50 kwa lita.

Maji yenye 40 yalikuwa halali Jinja na haramu Kisumu, na yote yanaingia ziwa lile lile! Kwa hiyo mtu akiwaambia, "Kiwanda chetu kimefaulu mtihani wa sheria," mwulizeni, "Mtihani wa nchi gani, wa mwaka gani?" Kanuni hubadilishwa. Uganda kwa mfano ilitoa nyingine mwaka 2020. Ulizeni afisa wa NEMA kiwango kinachotumika sasa. Ndiyo sababu pia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mkataba wa kutunza bonde la Ziwa Victoria mwaka 2003, na tume yake ina ofisi Kisumu. Mkataba huo unakubali kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa.

Lakini hata kiwango chenyewe chaweza kutudanganya. Tuchukue mfano mwingine wa kutunga. Kiwanda C humwaga lita 100,000 kwa siku zenye kipimo cha 30. Kiwanda D humwaga lita 20,000 zenye kipimo cha 60. Kwa sheria ya Kenya ya 2006, C amefaulu na D ameanguka. Sasa zidisheni. C anauondolea mto kilo 3 za oksijeni kwa siku. D anauondolea kilo 1.2. Aliyefaulu ndiye anayeuumiza mto zaidi, kwa sababu maji anayomwaga ni mengi zaidi.

Hatusemi D aachwe avunje sheria. Hapana, lazima asafishe maji yake. Tunasema kwamba mkipewa namba ya uchafu, mwombe pia namba ya lita. Kiwanda kizuri hufagia mabaki ya majani kwa ufagio kwanza kabla ya kushika mpira wa maji, na maji yanayobaki huyapitisha katika mashimo au bwawa la matete kabla hayajafika mtoni.

Kuhusu majivu: ni mbolea nzuri kwa mboga na mahindi pale udongo ulipo na asidi nyingi. Lakini msiyatie katika majani chai. Chai hupenda udongo wa asidi, na majivu huiondoa asidi hiyo.

7. CHETI NI KIZURI, MASHINE NI NZURI, LAKINI HAVITOSHI

Viwanda vingi vya Kenya, na vingine vya Uganda, Rwanda na Tanzania, vina cheti cha Rainforest Alliance. Cheti hicho chasema kwamba kiwanda na mashamba yake wanafuata utaratibu fulani, na wamekaguliwa. Ni jambo jema. Lakini viwanda viwili vyenye cheti kimoja vyaweza kutofautiana sana katika kuni kwa kilo. Cheti ni kama cheti cha shule: chaonyesha mtu amepita, hakionyeshi alipata alama ngapi katika kila somo.

Na mashine je? Kwa mfano huu tutoke kwenye chai kidogo, tuteremke Soin kuelekea nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari kina bahati, kwa sababu makapi ya miwa ndiyo kuni zake. Kakira, karibu na Jinja, huchoma makapi hayo, huendesha kiwanda na kuuza stima inayobaki kwa gridi ya Uganda. Kwetu Kenya, Mumias ilianza kufanya hivyo hivyo mwaka 2009 kwa mtambo mkubwa. Lakini Mumias ilipokosa miwa na kuzama katika madeni, makapi yalikosekana na stima ikakoma. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai iliweka msimamizi wake. Mitambo ilifanana, matokeo hayakufanana. Usafi wa kiwanda hutegemea pia uongozi wake, hesabu zake, na kama wakulima wanalipwa wakaendelea kuleta mazao.

8. BASI NANI BORA?

Kwa yale tuliyoyaona, hakuna nchi inayoweza kusimama na kusema "Sisi ni wa kwanza katika kila jambo." Uganda wana stima ya maji karibu yote, lakini kwa miaka mingi kanuni yao ya maji machafu ilikuwa legevu kuliko yetu. Tanzania kanuni yao ya mwaka 2007 ililingana na yetu kwa BOD, na Mwenga ni mfano wa kuigwa, ingawa gridi yao ilikaa muda mrefu juu ya gesi. Rwanda wamejenga mitambo yao ya maji, lakini stima yao bado ina mboji ndani. Kenya tuna gridi safi na viwanda vinavyomilikiwa na wakulima, lakini moto wetu bado unategemea kuni.

Mwenye kutaka kujifunza huchukua jema la kila jirani. Mwenye kutaka kujisifu huchagua namba moja inayompendeza na kuzificha tatu.

9. KAZI YA KIKUNDI

Viwanda vya wakulima vina wakurugenzi waliochaguliwa, na vina mkutano mkuu wa mwaka. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilileta ukaguzi wa mazingira kwa viwanda. Basi mnapouliza, hamwombi msaada na hamfanyi fujo. Mnauliza habari za mali yenu.

Pangeni siku, chagueni watu watatu wenye heshima, na mwandike barua kwa mkurugenzi wa eneo lenu. Ombeni namba hizi za mwaka mzima uliopita:

(a) Kilo za chai zilizotengenezwa.
(b) Kuni zilizochomwa, kwa mita au kwa kilo, na zilikaa bandani miezi mingapi.
(c) Yuniti za stima zilizotumika.
(d) Lita za dizeli ya jenereta.
(e) Lita za maji zilizomwagwa kwa siku, na kipimo cha BOD.
(f) Miti iliyokatwa na iliyopandwa.

Gawanyeni (b), (c) na (d) kwa (a). Andikeni majibu katika daftari la kikundi. Mwaka ujao ulizeni tena. Kulinganisha kulikokuwa bora kuliko kote ni kiwanda chenu cha mwaka huu na kiwanda chenu cha mwaka jana, kwa sababu hali ya hewa ni ile ile na mto ni ule ule. Baada ya hapo ndipo mtafute kikundi cha wakulima wa kiwanda kingine, hata cha ng'ambo ya mpaka, mkabadilishane daftari.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kijiji chetu, kuni za kupikia zimekuwa mbali zaidi kuliko miaka kumi iliyopita? Kwa nini?
2. Miti tunayouza kiwandani tunaikata ikiwa na umri gani?
3. Kuna mahali ambapo maji ya kahawia huingia mtoni? Huonekana siku gani na saa ngapi? Mtu mmoja aandike kwa mwezi mzima.
4. Kuni zetu za nyumbani je, tunazianika kabla ya kuchoma, au nasi twachemsha maji yaliyo ndani ya mti?
5. Kama kiwanda kingeokoa shilingi moja kwa kila kilo ya chai, tungependa itumikeje?

Kikundi kitakachopata namba zake kituletee, tuzilinganishe na za wengine katika somo lijalo. Msiogope zikiwa mbaya. Namba mbaya iliyoandikwa yaweza kurekebishwa.